Tangi Lililonyimwa Pumzi

Yapata saa nne na nusu ya asubuhi, jua la nyika ya Taru likiwa limekwisha kupanda na barabara ya Nairobi ikimetameta mbele yetu mithili ya maji yasiyofikika, gari lilikohoa mara mbili, likapungua nguvu, kisha likazimika kabisa baina ya Samburu na Maungu, mahali ambapo hapana kivuli ila cha migunga wala sauti ila ya malori yapandayo bara. Hiyo ilikuwa mara ya tatu katika mwezi mmoja. Nilifunua boneti nikazikagua nyaya, nazo zilikuwa timamu, nikagusa mipira, nayo ilikuwa mizima. Na baada ya kungoja robo saa nikazungusha ufunguo, nalo likawaka bila ya ukaidi wowote, likaenda kwa raha hata likapita Voi, kana kwamba halijapata kuugua tangu liundwe.

Gari lenyewe ni Land Rover fupi ya toleo la tatu, tuliyorithi kwa marehemu baba, ambayo tangi lake la lita 45 hukaa chini ya kiti cha dereva. Injini yake ya asili, ya kabureta, ilipochoka niliipeleka karakana moja, wakaitoa na kuweka mahali pake injini ya Toyota iliyotoka Japani, ya aina ile mafundi waiitayo EFI, ambayo petroli hupulizwa ndani yake kwa nozeli kwa shinikizo la karibu mara kumi ya lile la pampu ya zamani. Kazi ya vyuma ilikuwa nzuri, na insafu yanipasa niseme hivyo: mikono iliyoilaza injini ile juu ya chesisi isiyokuwa yake, ikaifungia gia na kuikata shafti kwa kipimo, ilikuwa mikono yenye maarifa. Lakini katika mageuzi ya namna hii, ambapo nusu ya gari ni ya kaumu moja na nusu ni ya kaumu nyingine, kasoro aghalabu haikai katika kile kilichofungwa, hukaa katika kile ambacho kila upande ulidhani kuwa upande wa pili utakileta.

Mafundi watatu walilitazama. Wa kwanza alibadilisha chujio, wa pili akabadilisha pampu, na wa tatu akashikilia kuwa petroli niliyotia ilichanganywa na mafuta ya taa, na hoja yake ikanikaa moyoni kwa sababu moja ya dhahiri, nayo ni kwamba gari lilikuwa likizimika upesi zaidi kila nilipotoka kujaza tangi. Nilihama kituo kimoja hadi kingine, na hali ikawa ile ile.

Aliyefumbua fumbo ni fundi mzee wa Changamwe, ambaye watu wa rika langu walianza kumpelekea magari ya baba zao tangu walipokuwa vijana. Huyu hakufunua boneti kabisa.

“Mwanangu,” aliniuliza, “ukifungua kifuniko cha tangi baada ya mwendo, walisikia likisema nini?”

Nilimjibu kuwa husikia mlio kama wa nyoka, na kwamba husikika kila siku.

“Sikukuuliza kama lalia. Nimekuuliza, lavuta au lapuliza?”

“Hilo sijui, mzee wangu.”

Akaingia garini, tukatia petroli mpaka pomoni, tukaenda Mariakani na kurudi. Tuliporejea, kabla injini haijatulia, alirarua kipande cha karatasi laini chenye upana wa kidole, akakiweka ukingoni mwa kifuniko na kukizungusha kifuniko polepole, robo ya mzunguko tu. Karatasi ile haikupeperuka. Iliinama, ikaingia chini ya ukingo wa kifuniko, ikanatia hapo ikitetema, na mara kutoka chini ya kiti ukasikika mshindo mmoja wa bati, kama wa debe tupu linaporudi umbo lake baada ya kukanyagwa. Mzee akanitazama, akasema maneno mawili: “Halina pua.”

Mtu asiyezoea mambo haya huenda akadhani kuwa tangi la petroli ni chombo cha kufungwa tu, kama chupa ya manukato, na kwamba kadiri linavyofungwa kwa kukaza ndivyo salama inavyozidi. Ukweli ni kwamba tangi ni chombo kinachovuta pumzi. Kila lita ya petroli itokayo kwenda injini yahitaji lita ya hewa iingie mahali pake, na kila jua linapolipasha moto, petroli hutanuka na kutoa mvuke, na mvuke huo wataka njia ya kutokea. Hata usiku, gari likiwa limelala, tangi hupoa, likavuta hewa ya alfajiri kama mtu aliye usingizini. Likizibwa njia ya kuingizia, ndani hufanyika ombwe, na pampu huvuta petroli ilhali ombwe laivuta upande wa pili. Likizibwa njia ya kutolea, shinikizo hujilundika, likatafuta mahali dhaifu, liwe ni mpira, mshono au gasketi ya kipimo cha mafuta.

Tukapiga hesabu, na mimi niliyesomesha hesabu miaka mingi niliona haya kuwa sikuipiga mapema. Chukua ubavu wa tangi wenye sentimita 80 kwa 50, na shinikizo la ndani lipungue kuliko la nje kwa kilopaskali 5 tu, yaani sehemu moja katika ishirini ya uzito wa hewa ya pwani: ubavu ule huwa umekandamizwa kwa nguvu ya kilo 200 na zaidi kidogo, sawa na mifuko minne ya saruji. Ndiyo maana bati lilikuwa likibonyea na kurudi. Kuhusu tangi lililojaa, ambalo ndilo lililonipoteza njia na kunifanya niwadhanie watu mabaya, jibu ni hili: katika tangi lililobaki nusu, hewa iliyomo ni nyingi, nayo ikitanuliwa kwa lita mbili haipungui nguvu sana, lakini katika tangi lililojazwa pomoni hewa ni lita chache tu juu ya petroli, na lita mbili za kwanza zikinywewa na injini, hewa hiyo hutanuliwa kupita kiasi, ombwe likaja mara moja. Gari lenye tangi lililozibwa huzimika mapema likiwa limejaa, ilhali lenye chujio chafu halijali sana kiasi kilichomo. Hiyo ni dalili ya kuitofautisha kadhia moja na nyingine, na sikupata kuisikia kwa fundi yeyote kabla ya mzee huyu. Robo saa ya kungoja nayo ilikuwa na maana yake: hewa ilikuwa ikipenya kidogo kidogo katika nyuzi za kifuniko, hata ombwe likalegea na pampu ikapata nafuu.

Pua ilipotea vipi? Land Rover ile, ilipotoka kiwandani, ilipumua kwa kifuniko chake, ambacho kilikuwa na kitundu cha kupitisha hewa. Injini ya Toyota, katika gari lake la asili, ilitegemea tangi linalopumua kwa mpira uendao katika mkebe wa makaa, na kifuniko cha tangi la namna hiyo hufungwa kwa kukaza na hakina kitundu, ila vali ndogo ya dharura. Sasa mafundi walipofanya mageuzi, mkebe wa makaa waliutupa, wakiona kuwa ni pambo la nchi za watu. Na mimi mwenyewe, kwa kuhofia wezi wa petroli, nikanunua kifuniko kipya chenye ufunguo, kisicho na kitundu wala vali. Kila mmoja wetu aliziba tundu moja, na tundu zilikuwa mbili.

Lau mambo yangeishia hapo, makala haya yangekuwa mafupi. Lakini siku ya pili, tulipolijaribu gari adhuhuri badala ya asubuhi, tangi lilikuwa likipuliza.

Kwa jaribio hili mzee alikwisha tengeneza kipimo chake, ambacho ningependa kila mwenye gari la kugeuzwa akijue kwa kuwa hakigharimu kitu. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha, wa urefu wa mita mbili, akaukunja ukawa kama kikombe kirefu, akamimina ndani maji aliyotia chai ya mkandaa ili yaonekane, akaufunga juu ya ubao. Ncha moja akaiacha wazi, na ncha ya pili akaiunganisha na kifuniko kikuukuu alichokilehemia kichuchu cha shaba. Maji yakisimama sawa pande zote mbili, tangi lapumua; yakipanda upande wa tangi, lanyonya; yakisukumwa upande wa wazi, lapuliza; na kila tofauti ya sentimita 10 ni kilopaskali moja. Asubuhi maji yalipanda upande wa tangi kwa zaidi ya shibiri mbili. Adhuhuri yalikwenda kinyume, yakapanda upande wa wazi, yakafika mdomoni mwa mpira na kumwagika juu ya ubao, tukabaki tukitazama michirizi ya chai ikikauka juani.

Sababu ya kigeugeu hiki ilikuwa katika mpira wa kurudishia. Pampu ya injini ya EFI haitoi kiasi kile injini inachohitaji tu. Hutoa petroli nyingi kupita haja, na ziada hurudi tangini. Pampu yetu ilisukuma lita 120 kwa saa, na injini katika mwendo wa kawaida haikunywa hata lita 12, basi zaidi ya lita mia moja zilikuwa zikipita chini ya boneti kila saa na kurejea zikiwa zimepata joto, hata ikawa yakini kwamba petroli yote ya tangi letu ilizunguka injini na kurudi kila baada ya dakika 20 au 25. Fauka ya hayo, bomba la kurudishia lilikuwa limefungwa kwa waya sambamba na ekzosi, kwa masafa ya kiganja kimoja. Petroli si kitu kimoja kama maji, bali ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka katika joto la nyuzi 35 hadi 40 tu, ambalo ni joto la kawaida kwa bati lililoegeshwa juani Mombasa. Asubuhi, petroli ikiwa baridi, injini ilikunywa na tangi likanyonya. Saa sita, petroli ikiwa imekwisha zunguka na kupata moto, mvuke ulizidi kile kilichonywewa, na tangi likapuliza. Waliolitazama gari asubuhi na waliolitazama alasiri walikuwa wakitazama maradhi mawili ya mwili mmoja.

Yuko mtu ambaye, akifika hapa, atachukua keekee na kutoboa kifuniko. Nimekwisha ona vifuniko vingi vilivyotobolewa, na mwenyewe nilishauriwa hivyo. Ombwe huondoka, hilo ni kweli, na gari halisimami tena nyikani. Lakini petroli humwagika katika kila kona kali, vumbi na maji ya mvua huingia, na mvuke hutoka usiku na mchana mahali palipo karibu na abiria. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hivyo hauruki ukapotea juu kama moshi wa kuni. Huteremka, ukatambaa sakafuni, ukajaa katika shimo la gereji na kukaa humo ukingoja cheche, nao hushika moto ukiwa hata chini ya sehemu mbili katika mia ya hewa. Gari ambalo tangi lake li chini ya kiti cha dereva halifai kutobolewa juu. Nayasema haya kwa uzito wote, kwa kuwa nina watoto wanaopanda gari hilo.

Mkebe wa makaa, ule uliotupwa, una asili yake. Mkemia aliyezaliwa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ndiye aliyedhihirisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa ukungu mchungu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles ulitokana na mivuke ya petroli na moshi wa magari ikipikwa na jua; na jimbo la California likaja kuamuru kwamba magari ya mwaka 1970 yazuie mvuke wa matangi yake, na mwaka wa pili yake Marekani yote ikafuata. Ndani ya mkebe mna makaa yaliyotayarishwa yawe na vitundu visivyohesabika, na mvuke utokao tangini hunata humo. Kisha injini inapokwenda, vali ndogo hufunguka, na injini ikavuta hewa safi kupitia makaa yale, ikaunyonya mvuke na kuuchoma. Kinachopotea kwa kuutupa mkebe ni petroli uliyoilipia.

Lakini mkebe, ukirudishwa bila ya fahamu, huleta dhara jipya. Una pua tatu: moja ya tangi, moja ya injini, na moja ya hewa safi. Hii ya tatu ikizibwa na tope, na vali ya injini ikakwama wazi, injini itakuwa ikilinyonya tangi moja kwa moja, na nguvu ya unyonyaji wa injini inayonguruma bila ya mwendo hufika kilopaskali 60 na zaidi, ambayo yatosha kulikunja tangi kama karatasi. Mwenye kufunga tabo, yaani kile chombo kinachozungushwa na moshi wa ekzosi kikaisukumia injini hewa kwa nguvu, ana hatari ya upande wa pili: mahali pale ambapo injini ilikuwa ikinyonya, sasa hupuliza, na pasipokuwa na vali ya kuelekea upande mmoja katika mpira wa mkebe, shinikizo la tabo hurudi nyuma, likapita katika makaa na kuingia tangini. Nimeliona gari dogo la Kijapani la kijana wa jirani, likiwa na tangi lililovimba kama tumbo la mbuzi aliyekula mahindi makavu, na dawa yake ilikuwa vali moja isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Vali hiyo yenyewe huwekwa kinyume mara nyingi. Ipulizwe kwa mdomo kabla ya kufungwa, ijulikane wapi yapitisha na wapi yazuia. Tangi kwa upande wake lisijaribiwe kamwe kwa pampu ya magurudumu, kwani upepo wa pampu ile, unaotosha tairi, huukandamiza ubavu wa tangi kwa tani nyingi.

Tulitengeneza hivi. Tangi lilishushwa, likamwagwa, likaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, likaachwa wazi siku tatu, kisha likajazwa maji karibu mpaka juu kabla ya kichuchu kulehemiwa mahali palipo juu kabisa, kwa maana tangi tupu, lililobaki na mvuke, ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Kutoka kichuchuni mpira wa petroli, si wa maji, kwani ule wa maji hulainika na kujifunga wenyewe, ulipandishwa nyuma ya kiti hata ukapita kimo cha mdomo wa kujazia, ukatiwa vali ya kuzuia petroli isitoke gari likipinduka, ndipo ukashuka kwenye mkebe wa makaa tulioupata kwa wauza vyuma. Pua ya hewa safi tuliielekeza chini, mbali na ekzosi, tukaitia wavu mwembamba wa shaba, kwa kuwa nyigu wale wajengao kwa udongo hawapendi kitu kama tundu la ukubwa ule, na asubuhi moja yawatosha kuliziba. Bomba la kurudishia lilihamishwa upande wa pili wa chesisi. Kifuniko kilibaki kuwa cha ufunguo, ila kingine, chenye vali ya dharura safari hii. Nami nilipewa sharti la kuacha kujaza pomoni: lita 45 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hutanuka kwa karibu lita nzima, na lita hiyo isipopata nafasi tangini itakwenda kuyazamisha makaa, ambayo yakilowa petroli huwa hayafai tena.

Jaribio la mwisho lilikuwa safari ya Nairobi, ambayo kwa tangi ni mtihani kuliko kwa injini. Pwani hewa hutukandamiza kwa kilopaskali 101, na Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa 83 hivi, basi tangi lililofungwa Mombasa hufika juu likiwa limefura, na lililofungwa Nairobi huteremka kuelekea bahari huku ulimwengu mzima ukilibana zaidi kila kilomita. Tulipanda tukapita Mtito Andei na Emali bila ya kikohozi hata kimoja. Kurudi, nilisimama mara nne, Salama, Kibwezi, Voi na Mariakani, na kila mara niliweka karatasi ukingoni mwa kifuniko na kuzungusha robo. Ilining'inia tu.

Tulifika nyumbani usiku. Mzee alikuwa ameniagiza nisiridhike na jioni, kwa kuwa tangi lililotoka safarini na moto wake hupoa usiku na kunyonya kwa nguvu kuliko wakati wowote. Basi nilikifunga kile kifuniko chake cha kichuchu, nikautundika ubao kwenye mlango wa gari, nikaenda kulala. Alfajiri, baada ya sala, nilitoka na kurunzi. Umande ulikuwa juu ya boneti, na maji ya mkandaa yalikuwa yamesimama katika mpira, upande huu na upande huu, kwa kimo kimoja.